Sauti Iliyosubiri Umeme

Mwili wa Mwalimu ulilala mbele ya mlango wa chumba chake cha kazi. Ndara moja ilikuwa mguuni, nyingine juu kabisa ya ngazi. Damu ilichirizika sakafuni kutoka chini ya ngazi hadi pale alipoishia.

Maiti haikumtisha Inspekta. Maiti alishaziona hadi akazizoea. Kilichomsimamisha nywele ni sauti ya mwanamke kutoka ndani ya kile chumba, na chumba hakikuwa na mtu.

"Mume wangu, uko wapi? Njoo basi."

Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Mama yangu!" Sajini akarudi nyuma. "Afande, majirani wanasema mkewe alizikwa mwaka jana."

"Basi wafu siku hizi wanatumia kompyuta," alisema Inspekta, akaingia ndani, akazima spika.

Fundi wa kompyuta, aliyeikuta maiti asubuhi ile, alikaa jikoni na pingu mikononi. Sajini alishamaliza kesi kichwani mwake. "Mashine ni ya Linux, Afande. Kuweka programu kunataka nywila ya msimamizi, na nywila anayo huyu peke yake."

"Umefuata nini hapa?" Inspekta akamuuliza fundi.

"Kusasisha kivinjari cha intaneti, kama kawaida yangu. Haki ya Mungu, nimemkuta hivyo hivyo!"

"Na sauti?"

"Hata mimi nashangaa. Kivinjari chake cha zamani ni bubu. Hakichezi sauti mpaka ukibandikie programu-jalizi, kijiprogramu cha nyongeza, na Mwalimu alinikataza. Alisema hataki kelele."

"Nani kaiwasha mashine?"

"Umeme ulikatika jana usiku, ukarudi alfajiri. Nilimpangia ijiwashe yenyewe na kivinjari kijifungue. Mzee hakupenda kubonyezabonyeza."

Inspekta akakaa kwenye kiti cha marehemu, akafungua folda moja baada ya nyingine. Vyote alivyoweka fundi vilikuwa mali ya msimamizi. Ile programu-jalizi ilikuwa kwenye folda ya Mwalimu mwenyewe, kwa jina lake, mahali pasipodai nywila. Iliwekwa jana alasiri.

"Mfungue pingu," alisema.

"Lakini Afande..."

"Mwenye ufunguo hapiti dirishani, Sajini. Jana nani alikuja hapa?"

Majirani walimjua: shemeji wa marehemu, mdogo wake mkewe.

Alipowafungulia mlango wa nyumba yake akasema "Karibuni", Sajini nusura akimbie. Sauti ilikuwa ile ile, ya dada yake tupu.

"Jana ulikwenda kwa shemeji yako," alisema Inspekta.

"Nilikwenda kumjulia hali."

"Ukakaa kwenye kompyuta yake."

"Alikuwa jikoni, anachemsha chai."

"Sauti umeipata wapi, mama?"

Mwanamke akaangalia simu iliyokuwa mapajani. "Nilimrekodi dada hospitali. Alimwita mumewe usiku kucha, na yeye kazima simu, kalala! Halafu msibani ananiambia, 'Angeniita, ningekuja.' Angeniita! Nilibaki na neno hilo kooni mwaka mzima."

"Ukaamua aisikie."

"Nikimkazia macho, ndiyo. Nilifuata maelekezo ya mtandaoni, nikaweka kile kijiprogramu, nikaweka na sauti ijicheze ukurasa wa mwanzo ukifunguka. Kimya! Chai ikaja, tukanywa, nikaondoka na hasira zangu. Nilijua nimeshindwa."

"Hukufika mwisho wa maelekezo. Kivinjari lazima ukifunge, ukifungue tena, ndipo kiikubali programu-jalizi. Mwalimu hakuwa na tabia ya kukifunga. Umeme ndio uliokifunga."

Ilimchukua muda kuelewa. "Kwa hiyo dada aliongea... yeye yuko peke yake?"

"Alfajiri. Yuko juu, amelala."

"Sikutaka afe. Nilitaka aone aibu." Akafuta macho kwa kiganja. "Akaogopa, akakimbia, sivyo? Ndizo zake."

Inspekta angeweza kunyamaza. Ungamo alishalipata.

"Alianguka ngazini akavunjika nyonga, kichwa kikapasuka," alisema taratibu. "Lakini hakufa pale pale. Mlango wa nje uko hapo hapo chini ya ngazi, na simu iko juu ya meza kando yake. Alivipita vyote viwili, anajivuta kwa viwiko. Alifia kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, mkono wake umeshika kizingiti."

Mwanamke akaziba mdomo. Alipoutoa mkono, sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiita tangu alfajiri.

"Alikuja, dada," alisema. "Alikuja."

Sajini akatoka nje, akasimama uani.