Blanketi la Mjukuu

Hili lilimpata Stefania, fundi cherehani wa Chanika, rafiki wa marehemu mke wangu. Alinunua Korogwe vitambaa vilivyochapwa mistari ya kushonea, aunganishe vipande viwe blanketi la mjukuu.

"Mama, watoto wangu wawili tumewazika," binti yake Faudhia, mjamzito, alilalamika, "na huyu unamshonea hajazaliwa?"

"Acha ushamba, wewe. Nenda kalale."

Mvua ilileta giza mchana, umeme ukakatika. Stefania aliendelea kukanyaga cherehani. Kila sindano ilipozama kwenye mstari, kitu kilinung'unika chini ya kitambaa. Alipoacha kukanyaga, kilinyamaza. Alicheka, akaumaliza mstari. Chumbani, Faudhia akapiga yowe.

Mtoto alizaliwa hai, lakini hakulia. Mkunga alihesabu vitobo kama vya sindano, kumi na kimoja kwenye mdomo wa juu, kumi na kimoja kwenye wa chini, vimelingana.