Pafu la Mwalimu Mbonea

Buibui-tiba aliingia kifuani mwa Mwalimu Mbonea kupitia tundu dogo kama punje ya hindi. Akatembea juu ya pafu la kulia kwa miguu minane myembamba, akakata sehemu ya juu iliyokuwa na uvimbe, akafunga mishipa, akatoka. Damu iliyomwagika haikujaa kijiko.

Mhandisi Nyamizi Kasanga, aliyeiunda mashine hiyo katika jiji jipya la Dodoma, aliitazama kazi kwa fahari ya mzazi. Mbonea ndiye aliyemfundisha hesabu utotoni.

Kesho yake asubuhi mzee alimshika mkono.

"Mwanangu, kuna kitu kimegeuka humu ndani."

Nyamizi akatazama kioo cha Mlinzi, akili-unde iliyosoma vihisio vilivyoachwa kifuani. Kioo kilionyesha hali njema, naye akamtuliza mwalimu kwamba hayo ni maumivu ya kawaida. Muuguzi Hilda Ngonyani hakuridhika. Alitoa stetoskopu yake ya kizamani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema upande wa kulia, katikati, hapasikiki pumzi. Kufikia adhuhuri mwalimu alikuwa na homa kali na anakohoa damu.

Daktari akafungua kifua. Sehemu ya kati ya pafu, iliyokosa jirani wa kuegemea, ilikuwa imejisokota kwenye shina lake kama nguo inayokamuliwa. Damu ilishindwa kupita, ikawa nyeusi tii. Ikabidi nayo ikatwe.

Mwalimu alinusurika, ila robo ya pumzi yake ilikuwa imekwenda bure. Nyamizi alirudi kwa Mlinzi pamoja na Hilda kuuliza kama aliliona jambo hilo.

"Nililiona saa nane zilipopita baada ya upasuaji," Mlinzi alijibu. "Hali hii humpata chini ya mtu mmoja katika elfu. Uliniagiza nisipige kengele kwa yaliyo nadra, wauguzi wasichoshwe."

Ilikuwa kweli. Agizo hilo aliliandika kwa mkono wake miaka minne nyuma, na akapongezwa.

"Umenyamaza mara ngapi?" Hilda aliuliza.

"Mara kumi na tisa."

Nyamizi alitaka kujua watu hao wako wapi. Mlinzi akaanza kuwataja mmoja mmoja, na karibu kila jina lilifuatiwa na tarehe ya kifo. Alipofika jina la saba, Nyamizi alikuwa ameketi sakafuni.

Hilda akachukua kalamu. Akamwomba Mlinzi aanze upya, polepole.