Vichupa vya Barafu

"Mwiba, usimguse mtu. Subiri Barafu aingie."

Sauti ya Mkuu wa Idara ya Upelelezi ilinong'ona kutoka kwenye hereni ya Mwiba.

Mwiba alikuwa ameegemea kiti cha ngozi ndani ya kliniki ya kifahari, akijifanya mteja. Kifungo cha blauzi yake kilikuwa kamera. Mkobani, bastola aina ya Glock.

Barafu alikuwa mlanguzi wa peptidi, vipande vya protini vinavyodungwa kama dawa. Madaktari wana peptidi zao za kutibu, zilizopimwa na kusajiliwa. Zake zilikuwa za majaribio ya maabara tu. Alizivusha mpakani ndani ya maboksi ya vipuri vya pikipiki, zikachemka juani, kisha akazibandika lebo mpya. Jina alipewa kwa kejeli. Vichupa vyake havikuwahi kuona barafu.

Tayari wagonjwa wawili waliodungwa dawa zake walikuwa mahututi.

Kwenye kiti cha pili alikaa mwalimu wa michezo, bega likimuuma. Mhudumu alivuta dawa kwenye sindano.

"Mdogo wangu, nina kisukari," mwalimu alisema. "Hamnipimi kwanza?"

"Tulia, mama. Hii haina madhara."

Mwiba aliinamisha kichwa. "Mkuu, wanamchoma mtu."

"Barafu anashuka garini. Ukivuruga sasa, tumemkosa!"

"Na huyu mama?"

"Ni amri, Mwiba."

Mwiba alivua hereni, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji.

Kisha akaruka.

Akaudaka mkono wa mhudumu. Sindano ikaanguka, ikabingirika chini ya kiti.

Mlango ukafunguka. Barafu, boksi kwapani. Akaona. Akatupa boksi, mkono ukakimbilia kiunoni.

Mwiba akalipiga teke toroli la dawa. Likamgonga Barafu magotini, akaanguka kifudifudi. Alipoinua uso, Glock ilikuwa inamtazama.

"Unajua mimi ni nani wewe?" alifoka. "Kesho niko nje!"

"Basi leo lala ndani."

Akamfunga mikono kwa mpira wa dripu.

Mwalimu aliinuka kitini. "Mwanangu, kumbe hizi peptidi ni sumu?"

"Hapana, mama. Hata insulini ni peptidi. Ila nenda kwa daktari atakayekupima damu, akupe dawa iliyosajiliwa na kutunzwa kwenye baridi, kisha akufuatilie. Akikwambia haikufai, mwamini."

Vikosi vikaingia kwa kishindo. Nyuma yao Mkuu, jasho likimtiririka. Alimtazama Barafu sakafuni, akamgeukia Mwiba.

"Umekaidi amri yangu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Angekimbia je?"

"Ningemtafuta tena. Huyu mama ningempata wapi?"

Mkuu aliinama, akaokota boksi la Barafu.

Mwiba alivaa miwani ya jua, akaruka miguu ya Barafu, akatoka mtaani bila kugeuka.