Mawe ya Kalavati la Luiche

Ndugu zangu wa Katubuka, leo nasema, na atakayekasirika akasirike.

Nyumba ya Gervasi ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mkewe, Marcelina, alianika dagaa kwenye mchanga wa mwalo wa Ujiji, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akitaniana na jirani yake Ndayikeza, mkimbizi kutoka Burundi. Kisha mvua zikapoteza adabu. Agosti, mwezi wa vumbi, ikanyesha wiki nzima, dagaa wakaoza mchangani.

Gervasi akaenda bonde la Luiche, kwenye kalavati la reli. Akang'oa mawe bapa yanayokinga tuta, akajenga nayo uwanja wa kuanikia, ulioinuka, usioshika maji. Watu wakamsifu. Wengine wakamfuata na mikokoteni!

"Baba Frida, mawe yale yana mwenyewe," Marcelina alimwonya.

"Mwenyewe nani? Mjerumani aliyejenga reli? Si alishakufa!"

Mwalo mzima ukacheka. Na wakubwa wa reli? Waliliona tuta likiwa uchi, wakapita zao. Kalavati lenyewe lilijengwa kwa kipimo cha mvua za babu zetu. Nani alijali?

Novemba Marcelina akavimba shingo, kupumua kukawa kazi. Daktari akaagiza apelekwe Dodoma kupasuliwa, kwa treni, maana barabara zilikuwa tope tupu. Siku ya safari ikashuka mvua ambayo sijapata kuiona. Maji yakafurika kalavatini, yakala udongo usio na mawe. Reli ikabaki inaning'inia hewani.

Stesheni pakawa na makelele. "Wakimbizi hao! Ndio wezi wa mawe!" Wakamkwida Ndayikeza, naye ndiye aliyekuwa amemshikilia mgonjwa. Gervasi akatazama viatu vyake.

"Mwachieni mama wa watu," Marcelina akasema kwa pumzi iliyobaki. "Mawe yako mwaloni kwetu. Mume wangu ndiye aliyeyang'oa."

Tulimzika Marcelina kabla treni haijapita tena. Dagaa wake walikauka vizuri sana. Wakaozea stesheni, ndani ya magunia, wakisubiri treni hiyo hiyo.

FUNZO

Mvua za leo si zile tulizozizoea. Wenye reli, jengeni kwa mvua zinazokuja, si zilizopita. Nasi tusiibomoe kwa mikono yetu njia inayotubeba, kisha tukamsingizia mgeni. Anayeng'oa jiwe la tuta hajui atakayekosa safari.

Jana nimepita mwaloni. Mawe bado yapo, na dagaa juu yake. Yarudisheni, kabla sijaanza kuwataja kwa majina.