Kilichofukiwa Migombani

Kila jioni Wambeti aliwarudisha mbuzi zizini kabla mama yake hajamaliza kukamua. Mvua ya mwaka huo kijijini Kanja ilikuwa imekataa kuisha. Maji yalituama kwenye mashimo yaliyopandwa napia, majani ya kulisha mifugo, na mbu walikuwa wengi hata mchana.

Jioni moja mbuzi mmoja alikaidi, Wambeti akamchapa fimbo. Kulipokucha, mbuzi huyo akaharibu mimba ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua. Wambeti hakuwa na shaka kwamba fimbo yake ndiyo iliyoua. Akamwita mdogo wake Njura, wakakibeba kitoto kile kwa mikono mitupu na kukifukia migombani.

"Ukisema, Baba ataniua," Wambeti alimwonya. Njura akaapa.

Siku chache baadaye Njura akashikwa na homa. Alipewa dawa za malaria, homa ikapungua, Mama akamshukuru Mungu. Kumbe ilikuwa imejificha tu. Ilirudi na maumivu makali ya kichwa, shingo ikakakamaa, mtoto akaanza kuweweseka. "Sitasema," alirudia. "Sitasema." Wambeti peke yake ndiye aliyeelewa.

Katika hospitali moja mjini Embu, vipimo vya daktari havikuonyesha malaria. Akauliza kama kuna mnyama aliyeharibu mimba nyumbani. Baba yao, Njue, akasema hakuna; mbuzi wote ni wazima, ila mmoja amekataa kushika mimba, naye atachinjwa Jumapili.

Wambeti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, alikuwa na mimba," akasema. "Nilimchapa, akaitoa. Mimi na Njura tulikifukia kitoto."

Njue akamkodolea macho.

"Fimbo yako haikuua," daktari akamwambia. "Nashuku ni homa ya Bonde la Ufa. Mbu huwaambukiza mifugo, na mtu huipata kwa mbu au kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa au mimba aliyoiharibu. Wakati mwingine hufika hadi ubongoni."

Akamwagiza Njue asimchinje mbuzi yule, wachemshe maziwa, na amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo haukuwa na dawa maalumu. Wangemtunza na kungoja, na kungoja huko kulitisha.

Hatimaye Njura alifumbua macho, ingawa jicho moja liliona ukungu tu.

"Mnyama akiharibu mimba, msimguse, semeni mara moja," daktari akamwambia Wambeti. "Hata kama unadhani umekosea, sema. Hasira ya mzazi hupoa."

Njura akaupapasa mkono wa dada yake. "Wambeti," akanong'ona, "sikusema."

"Mimi nimesema," Wambeti akamjibu, akalia.