Midomo Elfu Themanini

Kabla hata ya kunywa chai, Mama Vifaranga alikuwa amekwisha kuzunguka matangi yake yote. Jina hilo alipewa na kikundi cha wavuvi, kwa sababu ndiye aliyewatotolesha samaki wao. Mwaka uliopita walimwaga ziwani vifaranga elfu arobaini. Mwaka huu alikuwa nao elfu themanini, na tusifichane, kichwa kilimvimba.

Mumewe akarudi kutoka kuvua na samaki watatu tu.

"Kichwa na mkia," alisema. "Katikati hamna kitu."

"Ndiyo maana Jumamosi tunamwaga mara mbili ya mwaka jana," mkewe akajibu. "Samaki wamepungua, tunaongeza."

Dada wa mume, mtaalamu wa samaki, alikuwa amekuja kuwatembelea. Alichukua kisu, akapasua samaki mmoja. Tumbo lilikuwa tupu.

"Wifi, huyu alikuwa anakufa njaa."

"Njaa? Ziwa lote lile?"

"Ziwa lina chakula chake, na kina mwisho. Mmekipima?"

Mama Vifaranga akayatazama matangi yake. Alikuwa amepima matangi, vifaranga, hata maji ya kuwasafirishia. Ziwa hakulipima hata siku moja.

Siku tatu wawili hao walishinda ziwani. Walichota maji wakaangalia vijidudu na mimea midogo ambayo samaki hula. Walipima uzito wa samaki waliovuliwa. Kwa wavu mdogo, walihesabu vifaranga waliozaliwa wenyewe kwenye matete. Kisha wifi akaingiza namba zote kwenye kompyuta.

"Hii haipigi ramli, inakokotoa tu," alieleza. "Mkimwaga elfu ishirini, wengi watakua. Elfu arobaini, wote watakonda. Elfu themanini, watawanyang'anya chakula hata wale wa ziwani. Hao wakiisha, nani atazaa?"

Mama Vifaranga moyo ulimuuma. Wale wote aliwalea kwa mikono yake. Lakini mumewe alitegemea ziwa lile, na wavuvi wenzake pia. Akafunga kibwebwe.

Ijumaa kikundi kilikutana. Mwenyekiti akaja juu. "Tumeshaalika watu kesho waje waone elfu themanini wakimwagwa! Tutachekwa!"

"Acha watucheke," alisema Mama Vifaranga. "Simwagi zaidi ya elfu ishirini. Waliobaki tutawafuga kwenye mabwawa, tuwalishe wenyewe. Na kila mwezi tutapima. Namba zikibadilika, na sisi tutabadilika."

"Kazi yako ni kutotolesha au kutubania?"

"Kazi yangu ni nyinyi mvue samaki, siyo miiba."

Walibishana mpaka makoo yakakauka. Mwishowe wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Alishinda kwa mikono miwili tu.

Mwezi baada ya mwezi, alikwenda na mizani na wavu wake, mvua isimzuie. Mwanzoni mambo hayakubadilika, na vijembe alivipata. Mwezi wa sita samaki wakaanza kunenepa. Mwaka ulipotimia, kwenye matete ambako mwanzoni walipata vifaranga kumi kwa wavu mmoja, sasa walipata arobaini. Mumewe sasa alirudi nyumbani akiwa ameinamishwa na ndoo, akilalamikia mgongo kwa furaha.

Mwenyekiti akaja matangini mwenyewe. "Mama, safari hii tumwage wangapi?"

"Tupime kwanza," alisema. Machozi yalimlengalenga, na alikuwa anacheka. "Huenda mwaka huu ziwa halinihitaji."