Kigae Kilichoanikwa Kama Achari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hadeel alipanda ngazi hadi juu ya paa akiwa na sinia la maembe kichwani. Nyumba yao ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro chembamba ambamo jua hufika chini kwa taabu. Huko juu lakini, jua lilikuwa tele. Ndiko bibi yake, Bi Saadia, alikoanika maembe ya achari, yaliyokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili. Hadeel aliyageuza moja moja, na mengine yalipotelea mdomoni mwake.

“Jua ndilo mpishi wangu,” Bibi alipenda kusema. “Kisichoanikwa huoza.”

Hadeel aliyashika sana maneno hayo, na baadaye yakamtia matatani.

Rafiki yake mkubwa darasani alikuwa Sidi. Baba yake Sidi, Mzee Masha, aliuza maji ya miwa katika bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Maji yake yaliyotiwa ndimu na tangawizi yalikuwa na sifa mjini. Makapi yake nayo yalikuwa na nyuki. Kila jioni rundo la makapi lilibaki kando ya mashine yake ya kukamulia miwa, na wachuuzi wenzake wakachoka kuumwa. Kiongozi wao, Mama Loise, alimwambia waziwazi, “Masha, tafuta pa kuyapeleka makapi haya. La sivyo utatuachia nafasi.”

Sidi alipeleka habari hiyo kwa Mwalimu Chirau, aliyewafundisha sayansi. Mwalimu alikuna ndevu, kisha akatabasamu.

“Makapi ya miwa yakichomwa vizuri hubaki jivu la kijivu, si masizi meusi,” alisema. “Jivu hilo likitwangwa na kuchekechwa, laweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Sehemu, nimesema, si yote! Nasi twahitaji vigae vya kutandika pale bombani.”

Darasa likacheka. Wiki iliyopita Mwalimu mwenyewe aliteleza pale bombani na kukaa chini na vitabu vyake vyote.

Kazi ikaanza. Makapi yaliyokauka yalipelekwa kwa Aidarus, mwokaji wa mikate ya mofa, akayatumia badala ya kuni katika tanuri lake. Jivu lililobaki wanafunzi walilitwanga kinuni na kulichekecha, wakatoka hapo weupe nyusi na kope. Mwalimu alivaa glavu akachanganya saruji mwenyewe. Walitengeneza vigae viwili vya majaribio. Kimoja kilikuwa cha saruji, mchanga na kokoto, bila jivu. Katika kile cha pili, kwa kila makopo kumi ya saruji waliondoa kopo moja wakatia jivu mahali pake.

Shule ilikuwa inafungwa kwa likizo, kwa hiyo Sidi alipewa kigae cha saruji tupu akitunze nyumbani, na Hadeel akapewa chenye jivu.

“Vifunikeni kwa gunia lililolowa, mvimwagilie maji asubuhi na jioni,” Mwalimu aliwaonya. “Saruji haigandi kwa kukaushwa. Hushikana kwa maji. Na hiyo yenye jivu hushikana polepole zaidi, kwa hiyo ina haja zaidi ya maji. Mmenisikia?”

“Tumesikia, Mwalimu!”

Kusikia walisikia. Siku za kwanza Hadeel alimwagilia vizuri. Lakini maji ya mfereji yalikatika mtaani, na kila mtungi ukawa unaletwa kwa mkokoteni na kupandishwa ngazi kwa mkono. Asubuhi moja, mabega yakimuuma, alikitazama kigae chini ya gunia lake bichi.

“Kitakuwaje kigumu nami nakilowesha kila siku?” alijiuliza. “Kipate jua, maskini.”

Akakivua gunia, akakianika katikati ya maembe. Tangu siku hiyo, alipogeuza maembe aligeuza na kigae.

Siku moja Sidi alikutana naye sokoni. “Kigae chako wakimwagilia?” alimuuliza.

“Asubuhi na jioni,” Hadeel alijibu upesi. Uongo huo ulimtoka kwa wepisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Shule ilipofunguliwa, Mzee Masha alikuja kushuhudia majaribio, amevaa shati lake la Idi. Mwalimu aliweka kila kigae juu ya mawe mawili na kumwita Zaki, mtundu wa darasa, asimame juu yake. Kigae cha Sidi hakikutikisika. Kisha Zaki akapanda cha Hadeel. Kabla hajaweka mguu wa pili, kilikatika kama kashata, na Zaki akaenda chini. Wanafunzi wakaangua kicheko. Mzee Masha hakucheka.

“Basi, jivu limetushinda,” alisema Mwalimu kwa masikitiko.

“Hakuna neno, Mwalimu. Mmenihangaikia,” alijibu Mzee Masha. “Jivu limejaa uani kwa Aidarus, na amesema kama halina kazi hatayapokea makapi tena. Leo nitamwachia Mama Loise nafasi yake. Nitajaribu bahati yangu kule sokoni Mwembe Tayari.”

Hadeel machozi yakamlengalenga. Sidi, ambaye ndiye aliyestahili kubembelezwa, alimshika bega. “Usilie, Hadeel. Si kosa lako. Wewe ulimwagilia kila siku.”

Maneno hayo yalimuuma kuliko bakora.

Adhuhuri hiyo hakugusa chakula. Bibi akamtazama. “Wali wa nazi na achari, nawe hutaki? Ama una homa, ama una neno.”

“Nina neno, Bibi,” Hadeel alisema, akamweleza yote.

Aliposikia kwamba kigae kilikuwa kikigeuzwa pamoja na maembe, Bi Saadia alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho, na uso wake ukabadilika.

“Kukianika ni ujinga, na ujinga hufundishwa ukaisha. Lakini uliposema umemwagilia, umelisingizia jivu, nalo halina mdomo wa kujitetea. Sasa Masha afukuzwa kwa kosa lako. Haya, vaa viatu!”

Walipofika Mama Ngina, Mzee Masha alikuwa ameshaanza kufungua mashine yake, Sidi akimshikia spana. Mama Loise alikuwa amesimama kando.

“Shikamoo, Baba Sidi,” Hadeel alianza. “Jivu halina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Sikukimwagilia kigae. Nilikianika juani kama achari, kisha nikasema uongo. Naomba mnisamehe.”

Sidi aligeuza uso akatazama baharini.

“Kama achari?” aliuliza Mama Loise. Alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda. “Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe umerudi mwenyewe bila kuvutwa. Masha, kaza mashine yako. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kigae kikivunjika tena, uondoke na nyuki wako!”

Vigae vipya kadhaa, vya aina zote mbili, vilitengenezwa, na safari hii Mwalimu aliviweka vyote shuleni chini ya gunia moja. “Nami nilikosea,” aliwaambia. “Ukitaka kulinganisha vitu viwili, vitunze sawasawa.”

Hadeel aliomba kazi ya kumwagilia. Alifika shuleni mapema na kuondoka wa mwisho. Sidi hakumsemesha. Lakini asubuhi moja alimkuta akikokota ndoo, akashika upande wa pili wa mkono wa ndoo.

“Ukiruka siku moja tu, nitakuona,” alisema Sidi kwa ukali, kisha wote wawili wakacheka.

Siku ya majaribio ilipofika, Zaki alikataa katakata. “Mimi nilishaanguka zamu yangu!”

“Nipisheni,” ilisikika sauti nyuma. Alikuwa Bi Saadia, aliyeleta chupa ya achari kwa walimu. Bi Saadia alikuwa mwanamke wa kujaa mlango. Kigae cha saruji tupu kilimbeba. Alipokikaribia chenye jivu, Mzee Masha aliinamisha kichwa, na Hadeel akafumba macho.

Hakukusikika mlio wowote. Hadeel alipofumbua macho, Bibi alikuwa amesimama juu ya kigae, mikono kiunoni.

“Kimenibeba mimi,” alisema, “nyinyi ni manyoya tu!”

Shule nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mzee Masha alimkumbatia Sidi, kisha akamwita Hadeel naye. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

“Sikiza, mjukuu wangu,” alisema Bi Saadia, akiwa bado juu ya kigae. “Achari yataka jua, kigae chataka maji, na jivu lataka subira. Ukweli nao wataka kusemwa mapema, kabla mwenzio hajalipia kosa lako. Umenisikia?”

“Nimesikia, Bibi,” alisema Hadeel, na safari hii alisikia kweli.

“Basi nipe mkono nishuke, nawe ukavimwagilie vile vingine.”